Kwa Nini Mstari wa Saba Umerudi

(Maelezo ya Kamati ya Fedha kwa wanachama, usiku wa harambee, Dar es Salaam)

  

Kamati ya Fedha tumepewa dakika ishirini, na mshereheshaji ameshatunong'oneza kwamba pilau liko tayari. Tutajitahidi. Hesabu za mwaka hatutazisoma hapa. Zimechapwa kurasa za nyuma za kijitabu hiki, zimekaguliwa, na mwenye swali kuhusu tarakimu yoyote atukute pale mlangoni baada ya chakula. Risiti zote tumekuja nazo kwenye boksi. Muda wetu tunauombea mstari mmoja tu wa bajeti ijayo, mstari wa saba, unaosomeka hivi: "Vijahazi, ukuta wa stendi, na banda la Nyamisati."

Tangu rasimu ilipotumwa kwenye simu zenu tumepata maswali mengi. Mmoja aliuliza kama ni kosa la uchapaji. Kaka yetu mkubwa, ambaye kila mwaka ndiye wa kwanza kutoa na tunamheshimu, alituandikia: "Kuna shule bado watoto wanakaa chini, nyinyi mnanunua midoli?" Swali ni la haki, na tutalijibu. Lakini kwanza tunawiwa kusema jambo ambalo kwenye hesabu zilizokaguliwa hamtaliona, kwa kuwa kitu kilichofutwa kwenye bajeti hakiachi alama kwenye vitabu.

Mstari huu si mpya. Ulishaletwa mbele yetu mara mbili, na mara zote mbili tuliufuta sisi.

Aliyeuleta alikuwa fundi wa vyombo katika kijiji kimoja cha delta. Hatutamtaja jina kwa sababu familia imeomba hivyo, ila wengi mliomo humu mmepanda mashua zake bila kujua. Alijenga tangu ujana wake. Miguu ilipomshinda kuingia kwenye matope, akaanza kuviunda vidogo: mashua yenye urefu wa mkono mmoja, yenye mkuku wake, hanamu na fashini zake, mataruma yake yote ndani, si gogo lililochongwa kwa nje tu likapakwa rangi. Tulipokwenda kukagua kisima alituita barazani kwake, akatuonyesha, akasema: "Wanangu, nipeni posho ya vijana wawili na nauli ya mbao. Nitawatengenezea kila chombo kilichopita kwenye mto huu, kimoja kimoja, kabla sijaondoka."

Fedha aliyoomba ilikuwa ndogo kuliko gharama ya mahema ya usiku kama huu. Mwaka wa kwanza tulifuta kwa sababu ya tangi la maji. Mwaka uliofuata yalikuja mafuriko ya Aprili 2024, na hata yeye mwenyewe asingethubutu kuuliza habari za vijahazi wakati watu wamelala kwenye madarasa. Katika mafuriko hayo maji yaliingia kwake pia. Viwili alivyokwisha kuvimaliza vilikwenda na maji. Kingine alikuwa amemuuzia mpita njia. Masika ya mwaka jana akatangulia mbele ya haki. Tulipokwenda kuhani, mjukuu wake alitutolea kitu kimefungwa kwenye kanga: kijahazi kimoja, nusu. Ndicho hicho mnachokiona meza ya mbele, pale karibu na maua. Tafadhali msikiguse upande wa kushoto.

Sasa tueleze kwa nini tunaona tulikosea, maana kukosea hesabu ni kosa la kawaida, lakini kukosea kujua kipi ni mali na kipi si mali, hilo kwa mhasibu ni aibu.

Mwaka juzi wawili kati yetu walikwenda Mombasa kwa shughuli za kikazi. Mchana wakaingia Ngome ya Yesu kutembea. Pale ngomeni kuna mzinga mkubwa wa chuma, na mtembeza wageni akawaambia watu: huu unatoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyozama Rufiji. Wenzetu wakasogea mbele kidogo, kama mtu anayesikia jina la baba yake likitajwa ugenini. Mzinga wenzake uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali ya Afrika Kusini.

Wazee wetu habari ya manowari mnaijua, lakini vijana waliozaliwa Mbagala na Temeke tuwakumbushe. Septemba 20, 1914, meli hiyo iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar, kisha ikaja kujificha kwenye mikono ya mto wetu, maeneo ya Salale, katikati ya mikoko. Waingereza waliizingira miezi kadhaa. Julai 1915 walileta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokokotwa kutoka Malta, pamoja na ndege za kuangalia kutoka Mafia. Walipiga tarehe 6, wakarudi tarehe 11, na siku hiyo Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yote kumi wakaifungua wakaenda nayo kupigana nchi kavu. Huo wa Mombasa ni mmoja katika hiyo kumi.

Basi, pembeni ya mzinga alikuwapo mgeni mmoja wa Ulaya, mtu mzima aliyestaafu, na alipowasikia wenzetu wanasema "nyumbani kwetu", akawafuata. Akatoa simu akawaonyesha picha. Alikuwa na Königsberg sebuleni kwake! Wako wengi kama yeye, watu ambao burudani yao ya jioni ni kuunda meli ndogo kwa plastiki, karatasi na nyuzi za shaba. Yake ilikuwa kwa kipimo cha moja kwa mia tatu na hamsini. Meli ya mita 115 inakuwa sentimita 33, zaidi kidogo ya rula ya shule. Alijua mabomba ya moshi yalikuwa mangapi, alijua kila mzinga ulikaa wapi, alijua rangi ya sitaha. Kisha akawauliza maswali mawili. Matope ya Rufiji yana rangi gani hasa, kwa kuwa anataka kuiweka juu ya maji na ukingo wa mto? Na wenyeji walikuwa na chombo cha namna gani mwaka 1915, apate kuweka kimoja pembeni?

Swali la kwanza, mmoja wao alisema kijivu, mwingine akasema kahawia. (Mzee wetu mmoja baadaye alitucheka: yakiwa maji kupwa ni kijivu, bamvua likija na maji ya bara ni kahawia. Wote walikuwa sahihi, na hakuna aliyejua kwa nini.) Swali la pili hawakuweza kulijibu. Walisema mtumbwi. Akauliza: wenye matengo au usio na matengo? Umechongwa kwa mti gani? Ulikuwa na tanga? Tanga la nini? Wakanyamaza. Watu wawili wenye shahada, wamezaliwa ndani ya delta, mmoja wao baba yake alikuwa mvuvi.

Tunalisema hili si kumsifu mzungu wala kujidharau. Yule bwana naye lipo asilolijua. Meli ile ilipoharibika mitambo, vipande vya matangi ya mvuke vilifunguliwa, vikakokotwa kwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa vilevile. Vilivutwa kwa kamba na mikono ya watu wetu, kupita njia ambayo leo basi likikwama mara moja tunapiga simu redioni. Kwenye meli yake ya sebuleni hakuna mtu hata mmoja anayevuta kamba. Hawezi kuwaweka, kwa sababu hakuna aliyemwachia kipimo. Manowari ilikuwa na michoro kutoka Kiel. Mtumbwi wetu ulikuwa na fundi, na fundi akifa mchoro umekufa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Chombo chetu hakijengwi kwa karatasi. Mkuku unalazwa, hanamu na fashini zinasimamishwa, mbao za mwanzo za ubavu zinakwenda, ndipo fundi anaingia msituni kutafuta mataruma yanayofuata umbo lililokwisha kuonekana. Hapindi mti, anautafuta uliojipinda wenyewe. Mlilana ndio unaotoa matawi hayo. Anapima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa jicho. Akimaliza anapiga kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta inaingizwa kwenye maungio kwa patasi, kisha shahamu tumboni. Ukimuuliza kwa nini fashini inalala kiasi kile, anakuambia: "Ukisimamisha zaidi haitageuka kwenye mkono mwembamba." Hii ni elimu ya mto huu, si ya bahari yote. Haijaandikwa popote tunapopajua. Na boti za faiba zimeingia, hatuzilaumu, ni nyepesi na hazihitaji kalafati. Lakini kijana wa miaka ishirini leo anajua kubadilisha plagi ya mashine na hajapata kuona taruma likikatwa.

Kuna chombo kingine cha pwani kinachoweza kutufundisha. Mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ukisafiri kwa tanga la mkeka, ulikwisha kabisa visiwa vya Lamu katika karne iliyopita. Watafiti walipotaka kujua ulishonwa vipi, pamoja na picha chache walikimbilia vyombo vidogo vya mfano vilivyokuwa vimehifadhiwa makumbusho. Baadaye Zanzibar ulijengwa mtepe mzima, wa ukubwa wake, ukawekwa ndani ya Beit al Ajaib. Yaani kile kidogo kilikizaa kikubwa. Kaka yetu aliyeuliza habari za midoli, tunakuomba ulitazame hilo kwa jicho la mwekezaji. (Beit al Ajaib yenyewe, jumba la mawe, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.)

Na mawe hayo ndiyo yanayotupeleka kwenye jambo la pili. Wakati wa kujadili mstari huu, wajumbe kadhaa walisema: kama ni urithi, twende tukahifadhi magofu, kama wenzetu wa Kilwa na Mafia. Wazo zuri, lakini sisi magofu hatuna. Delta haina jiwe. Ukichimba ni tope, ukichimba zaidi ni tope. Ukivuka kutoka Nyamisati ukafika Mafia, ukaendelea mpaka kisiwa cha Juani, utayakuta magofu ya Kua: nyumba za mawe, misikiti, kuta zimesimama na mizizi ya mibuyu imezikumbatia. Wageni wanapiga picha. Sasa tazama juu. Hakuna paa. Paa la nyumba ya mawe ya pwani lilibebwa na boriti, na boriti ni mkandaa na mkoko. Mji Mkongwe wa Zanzibar vyumba ni virefu na vyembamba. Havikujengwa hivyo kwa kupenda, ni kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kuwait vilevile, kabla ya mafuta. Majahazi yao yalikuja kila msimu mpaka kwenye mikono yetu kupakia miti. Mwaka 1939 alikuja na mojawapo baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, na kitabu chake, Sons of Sinbad, kinaeleza jinsi mabaharia walivyoingia kwenye tope la Rufiji kukata na kubeba boriti. Hakutusifu, lakini angalau alituandika.

Mnaona ilivyokaa? Wengine walitoa mawe, yakabaki. Sehemu yetu katika nyumba zile ni ile iliyooza. Hakuna atakayesimama Kua akasema, "Hapa palikuwa na mtu wa delta." Tukisubiri tuwe na magofu ndipo tuhifadhi, tutasubiri sana.

Nyumba yetu sisi ya kale ni dungu. Wazee mnatabasamu. Dungu lilisimama juu ya nguzo katikati ya mpunga. Chini maji, juu watu, moto unawaka usiku kucha, watoto wanapiga kelele kufukuza ndege alfajiri na nguruwe usiku, na kiboko akipita unamsikia anapumua chini ya sakafu. Watu waliishi humo miezi ya maji mpaka mavuno. Baada ya mafuriko ya 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, watu wa bonde wakahamishiwa vijijini, na madungu mengi yakaachwa. Leo mhandisi akija na mchoro wa "nyumba inayostahimili mafuriko" tunampigia makofi ukumbini, na sawa, anastahili. Lakini bibi zetu wangemwuliza tu kwa nini nguzo zake ni fupi.

Kwa hiyo banda la Nyamisati tunalopendekeza ni dungu. Wasafiri wa Mafia na wa vijiji vya delta wanasubiri maji pale kwa saa nyingi, wengine na watoto wachanga, kivuli ni cha kugombania. Tulibishana sana kwenye kamati: la mawe, la zege au la miti? Tumekubaliana msingi na viti viwe vya mawe, yatakayoletwa na chombo kitokacho Mafia, na juu yawe maumbo ya dungu kwa miti na makuti. Makuti yatabadilishwa kila baada ya miaka michache. Mwenzetu mmoja wa kamati alipinga: gharama ya matengenezo isiyokwisha! Ni kweli, na tumeiweka kwenye bajeti kila mwaka, kwa sababu kila mara yakibadilishwa kijana mmoja atajifunza kuezeka. Ndani, kwenye kabati la kioo lenye kufuli, vitakaa vijahazi. Anayesubiri maji atavitazama. Watoto wa Nyamisati watavitazama bure, kila siku.

Watoto hao hawahitaji kufundishwa kupenda vyombo, hilo mjue. Sote tuliokulia kule tulikata mizizi ya mlilana ile inayochomoza kwenye tope, laini kama kizibo, tukachonga vidau, tanga ni mfuko wa rambo. Mifuko ilipopigwa marufuku Juni 2019 tulidhani mchezo umekwisha. Wapi, tumekwenda tukakuta matanga ya viroba vya mchele. Jioni maji yakianza kutoka wanavishindanisha, na bishano la nani kageuza usukani wake vibaya linaweza kufika magharibi. Fundi wetu marehemu alituambia vijana wake wote aliwaokota pale: alikuwa anakaa ukingoni, anamtazama mtoto ambaye kidau chake hakipinduki, kesho anamtuma msumari.

Tumalizie ukuta wa stendi, maana dakika zinakwenda.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara alikwama kwetu apende asipende, kivuko cha Ndundu kikimtesa, akanunua samaki, akanunua mkeka, akatufahamu. Siku hizi basi linasimama stendi ya Kibiti dakika chache, abiria ananunua korosho dirishani, basi. Kinachobaki kichwani mwake kuhusu Kibiti ni alichokisikia kwenye taarifa za habari za mwaka 2016 na 2017. Hatutayarudia; wamo ndani ya ukumbi huu waliofiwa na ndugu na waume, na wengine wetu kwa miezi mingi hatukuthubutu kwenda kuzika. Lakini mnajua jinsi ilivyo mpaka leo hapa mjini. Ukijaza fomu kazini ukaandika "Kibiti", mwenzako anakutazama mara ya pili. Watoto wetu shuleni wanaulizwa.

Ukuta wa stendi ni mrefu, mweupe, umejaa matangazo ya waganga. Tumeongea na vijana wawili wa pale pale, mafundi wa kuandika, wale wanaopamba bajaji na kuandika majina kwenye matezi ya mashua. Michoro yao tumeiona: mto kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, dungu, mitumbwi, ngalawa, wanawake wanasuka mikeka, na kwenye kona moja manowari ndogo kabisa, ndogo kuliko mtu anayevuta kamba mbele yake. Hilo la manowari walilibuni wao, hatukuwaambia sisi.

Wapo watakaosema hiyo ni rangi tu, mvua itaondoa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini kama sisi, alianza kuchora pale Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari, akiuza kando ya barabara. Alifariki 1972, bado kijana. Leo jina lake ni jina la kazi ya watu wengi wanaolisha familia. Hatusemi vijana wetu ni akina Tingatinga. Tunasema hakuna mhasibu wa mwaka 1968 ambaye angeidhinisha rangi ile ya baiskeli, na tunajisemea wenyewe kwanza.

Sasa fedha. Mchanganuo uko kurasa za mwisho, kila shilingi na kazi yake. Mstari wa saba hauchukui kitu kutoka kwenye madawati; madawati ni mstari wa kwanza na yatalipwa kwanza, hata kama tutakachopata usiku huu kitaishia hapo. Hilo tumeliandika ili kaka yetu alale usingizi. Sehemu kubwa ya mstari huu ni posho: ya mafundi wazee na ya vijana wanne watakaokaa nao. Hatununui vijahazi vilivyokwisha tengenezwa, hata vikiwa vizuri. Kila kimoja kitaundwa mbele ya vijana, na kabla mbao hazijafungwa, kijana atapima kila taruma na kuliandika kwenye daftari. Daftari hilo litakuwa na nakala tatu. Miti ni ya hifadhi, haikatwi bila kibali cha TFS hata ikiwa ni vipande vya urefu wa mkono. Ombi la kibali tumeanza kuliandaa.

Mafundi tunaowajua sisi, ambao bado wanaweza kujenga jahazi kuanzia mkuku bila kumuuliza mtu, ni watatu. Kama unamjua mwingine tuambie usiku huu huu, usisubiri mkutano mkuu. Mdogo kuliko wote ana wajukuu wanaosoma sekondari. Mmoja haoni vizuri jicho moja. Tumewaendea wote, na safari hii hatukwenda kukagua kisima. Tulikwenda kwa ajili yao. Mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na yule mwenzetu, mlimjibu nini?" Tukamwambia ukweli. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaomba aletewe kile cha nusu akione.

Tulimpelekea. Alikipakata kama mtoto, akapitisha kidole ndani, upande wa kulia, akihesabu. Akasema mataruma ya kulia yamekamilika, ya kushoto yanakosekana sita, na kwamba marehemu alikusudia kukiwekea fashini ya kulala, ya mikono myembamba, si ya bahari kuu. Anaijua kazi yake. Amekubali kukimalizia akipata mlilana mkavu, na amesema atamleta mjukuu wa marehemu akae pembeni yake. Nauli yao wote wawili, kutoka kijijini mpaka Nyamisati na kurudi, imo kwenye mstari wa saba. Bahasha ziko mezani.